Kisichorekodiwa Hakituzwi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina hekima kubwa sokoni, ambako mnunuzi hulishika embe mkononi, akalinusa na kulibonyeza kabla ya kutoa senti yake. Katika ulimwengu wa muziki, hata hivyo, methali hiyo huchechemea. Wimbo hauwezi kujiuza iwapo haujasikika, na katika zama zetu ni nadra wimbo kusikika nje ya ukumbi ulimopigwa isipokuwa umerekodiwa. Ndiyo maana kila mwaka, itangazwapo huko Marekani orodha ya wanaowania tuzo za Grammy, sisi wapenzi wa muziki wa klasiki hugombania lililo dogo tukaliacha lililo kubwa. Twabishana nani apewe na nani anyimwe. Hatuulizi ni nani hakuufikia mlango wa ukumbi kamwe, wala kwa nini hakuufikia.

Nakusudia kulijadili swali hilo kwa kuitazama orodha moja, ile iliyotangazwa Novemba 8, 2024, ambayo washindi wake walituzwa Februari 2, 2025. Orodha hiyo ilikuwa na mafunzo mengi kuliko nyingi zilizoitangulia, na mafunzo yenyewe yanawafaa walimu na wanafunzi hata wale ambao hawajapata kusikia simfonia nzima tangu wazaliwe.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Tuzo za Grammy hutolewa na Akademia ya Kurekodi ya Marekani, chama cha wanamuziki, watunzi, mafundi wa sauti na watayarishaji wa rekodi. Sherehe ya kwanza ilifanyika mwaka 1959. Wakati huo muziki wa klasiki ulikaa kwenye jamvi la mbele. Kijana mpiga piano, Van Cliburn, ambaye mwaka 1958 aliwastaajabisha walimwengu kwa kushinda mashindano ya Tchaikovsky mjini Moscow katikati ya Vita Baridi, alituzwa kwa santuri yake ya koncheto ya kwanza ya piano ya Tchaikovsky. Fauka ya hayo, santuri hiyo iliwania tuzo ya Albamu ya Mwaka bega kwa bega na kazi za Frank Sinatra na Ella Fitzgerald. Haikushinda, na hadi leo hakuna albamu ya klasiki iliyopata kuitwaa tuzo hiyo kuu.

Kwa miaka mingi, aliyekuwa na Grammy nyingi kuliko binadamu yeyote hakuwa mwimbaji wa rock wala wa pop. Alikuwa Georg Solti, mzaliwa wa Hungaria aliyeiongoza Orkestra ya Simfonia ya Chicago tangu 1969 hadi 1991. Alifariki mwaka 1997, na hesabu ya tuzo zake ilikuwa 31. Rekodi hiyo ilidumu hadi Februari 2023, Beyoncé alipotwaa ya 32. Vijana wengi walishangilia siku hiyo, na haki yao kushangilia. Lakini ni wangapi walioulizana yule mzee aliyekuwa akishikilia kilele hicho ni nani?

Siku hizi jamvi la klasiki limesogezwa nyuma. Tuzo zake karibu zote hutolewa mchana, kabla ya ile sherehe ya usiku inayotazamwa na mamilioni kwenye televisheni. Mwaka 2012 vitengo vya tuzo vilipunguzwa kutoka 109 hadi 78, na miongoni mwa vilivyofutwa ni kile cha Albamu Bora ya Klasiki. Mshindi wake wa mwisho, mwaka 2011, alikuwa Riccardo Muti na wanamuziki wa Chicago kwa misa ya wafu ya Verdi. Mpenzi wa muziki huu ana haki ya kununa. Hata hivyo, kununa si hoja, na kwa hiyo tuitazame orodha yenyewe.

Katika kitengo cha orkestra, rekodi tano ziliteuliwa kuwania tuzo za 2025. Marin Alsop aliiongoza orkestra ya redio ya Vienna katika kazi za John Adams. JoAnn Falletta na orkestra ya Buffalo waliwasilisha muziki wa Kodály. Susanna Mälkki na wanamuziki wa Helsinki walimpiga Sibelius, mtunzi wa nchi yao. Esa-Pekka Salonen aliiongoza San Francisco katika The Firebird ya Stravinsky, naye Gustavo Dudamel akaiongoza Los Angeles katika kazi za Gabriela Ortiz wa Meksiko. Msomaji na ahesabu. Kati ya viongozi watano, watatu ni wanawake. Kwa taaluma ambayo kwa karne nzima ilimwona mwanamke mwenye kijiti cha kuongozea orkestra kuwa kioja, hilo si jambo dogo.

Tuzo ilimwendea Ortiz na Dudamel. Kazi iliyoipa albamu hiyo jina, Revolución Diamantina, ni muziki wa dansi uliotungwa kutokana na maandamano ya wanawake wa jiji la Mexico mwaka 2019, walipotoka barabarani kuupinga ukatili waliokuwa wakitendewa. Albamu hiyo ilitwaa tuzo tatu siku moja. Anayedhani muziki wa klasiki ni wa wafu waliovaa nywele za bandia na atafakari hapo. Mtunzi yu hai, kisa ni cha juzi, na vilio vilivyomo ni vya mitaa ya leo.

Kitengo cha opera nacho kilinipa furaha na mashaka kwa wakati mmoja. Furaha ni kwamba opera zote tano zilizoteuliwa zilikuwa za watunzi wa zama zetu: John Adams, Daniel Catán, Paul Moravec, Kevin Puts na Kaija Saariaho. Hapakuwa na Mozart wala Verdi. Iliyoshinda, Adriana Mater ya Saariaho wa Ufini, yahusu mwanamke aliyebakwa vitani na mtoto aliyezaliwa kwa tendo hilo. Saariaho alifariki Juni 2, 2023, na siku chache baadaye wanamuziki wa San Francisco wakaipiga opera hiyo na kuirekodi. Rekodi ikawa sauti yake baada ya ulimi wake kunyamaza.

Mashaka yangu ni haya. Rekodi zote tano zilifanywa Marekani: Los Angeles, New York, Kansas City na San Francisco. Je, mwaka huo hapakurekodiwa opera njema Milan, Berlin, London au Buenos Aires? Hapana shaka zilikuwapo. Ila wapigao kura wengi wanaishi Marekani, nao husikia kwa urahisi zaidi kinachopigwa karibu nao. Hapa hatuna haja ya kutafuta hila wala rushwa. Sikio la mwanadamu lina jirani zake. Tatizo huzuka pale uamuzi wa kitongoji kimoja unapopewa jina la uamuzi wa dunia.

Hapo ndipo inapotubidi tuulize waamuzi hawa huamua namna gani. Walimu na wanafunzi wetu wanazijua vyema tamasha za muziki za shule. Mwamuzi huketi mezani na kalamu yake, akazisikiliza kwaya zote za kitengo kimoja kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, aghalabu zikiimba wimbo ule ule wa lazima. Kisha husimama mbele ya hadhira na kueleza: sauti ya pili ilizama, matamshi yalikuwa safi, mwendo uliharakishwa katika ubeti wa tatu. Twaweza kukasirika na wengine wetu hulia, lakini twajua amesikia, na twajua sababu alizozitoa.

Grammy haiko hivyo. Kampuni na wanachama huwasilisha rekodi. Wataalamu hukagua kama kila moja imewekwa katika kitengo kiifaacho. Kisha wanachama wenye haki ya kura huchagua wawaniaji, na baadaye mshindi. Kwa kanuni zilizotumika katika tuzo za 2025, mwanachama aliruhusiwa kupiga kura katika vitengo visivyozidi 10 ndani ya nyanja zisizozidi tatu, pamoja na vile sita vikuu. Hii ni hatua njema, maana humzuia mpiga ngoma wa rock asiamue mambo ya opera kwa kubahatisha. Lakini hakuna anayemsimamia mpiga kura nyumbani kwake kuhakikisha amezisikiliza rekodi zote tano mwanzo hadi mwisho, wala mpiga kura halazimiki kutoa sababu. Kura ni namba, nayo namba haifafanui kitu. Jarida la Uingereza liitwalo Gramophone, ambalo limekuwa likitoa tuzo zake tangu 1977, huwategemea wahakiki ambao kazi yao ni kusikiliza na kuandika. Nao wana mapendeleo yao, lakini angalau mapendeleo hayo yamo katika maandishi, na msomaji aweza kuyapinga.

Kwamba namba yaweza kupotoka, historia inatoa ushahidi. Glenn Gould wa Kanada alikuwa mmoja wa wapiga piano mashuhuri wa karne ya 20. Rekodi yake ya kwanza ya Goldberg Variations ya Bach, aliyoifanya mwaka 1955, iligeuza jinsi watu walivyomsikia Bach. Aliendelea kurekodi kwa zaidi ya miaka 25. Alipokuwa hai alipata Grammy moja tu, nayo haikuwa ya kupiga piano. Ilikuwa ya maelezo aliyoyaandika kwenye jalada la santuri ya muziki wa Hindemith! Alifariki Oktoba 1982. Februari 1983, rekodi yake ya pili ya kazi ile ile ya Bach ikatuzwa. Mkono uliocheza ulikwisha kuwa kaburini.

Kazi hiyo ya Bach ilirudi tena katika orodha ya 2025, mara hii mikononi mwa Víkingur Ólafsson wa Iceland, aliyeutumia msimu mzima wa 2023 hadi 2024 kuipiga katika kumbi za dunia. Aliibuka mshindi wa kitengo cha mpigaji wa pekee. Simwonei kijicho, uchezaji wake ni safi kama maji ya chemchemi. Lakini katika kitengo hicho hicho walikuwamo wawaniaji wengine wawili ambao kwangu ndio waliokuwa habari kubwa ya mwaka. Curtis Stewart alipiga koncheto ya fidla ya Julia Perry. Seth Parker Woods, mpiga sello, alishiriki katika kazi ya Julius Eastman iitwayo The Holy Presence of Joan d'Arc. Na katika kitengo cha uimbaji wa pekee, Karen Slack na mpiga piano Michelle Cann waliwania, na wakashinda, kwa nyimbo za Florence Price ambazo hazikuwa zimechapishwa. Price, Perry na Eastman wote walikuwa Wamarekani Weusi. Wote watatu walikwisha kufariki miaka mingi kabla ya orodha hiyo kuandikwa.

Tuanze na Price. Alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887. Mwaka 1932 simfonia yake ya kwanza ilishinda mashindano ya utunzi ya Wanamaker, na kwa ushindi huo ikapigwa na Orkestra ya Simfonia ya Chicago Juni 15, 1933, chini ya uongozi wa Frederick Stock. Hakuna mwanamke Mweusi aliyekuwa amepata kupigiwa simfonia na orkestra kubwa ya Marekani kabla yake. Hebu tulizingatie hilo kwa makini: tuzo ndiyo iliyomfungulia mlango. Anayedai kuwa tuzo zote ni upuuzi na ajibu kisa hicho kwanza.

Lakini mlango uliofunguliwa ulifungwa tena. Mwaka 1943 Price alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa orkestra ya Boston, akaeleza wazi kuwa alikuwa na vizuizi viwili, jinsia yake na rangi yake, na akaomba muziki wake upimwe kwa ubora wake tu. Ombi lake halikuzaa matunda. Alifariki mwaka 1953, na sehemu kubwa ya kazi zake ikabaki katika miswada. Mwaka 2009, watu walionunua nyumba iliyokuwa imeachwa katika kijiji cha St. Anne, Illinois, nyumba ambayo hapo awali Price alikuwa akipumzika nyakati za joto, walikuta humo marundo ya karatasi. Paa lilikuwa limetoboka. Miongoni mwa karatasi hizo zilikuwamo koncheto mbili za fidla na simfonia yake ya nne. Mvua kidogo zaidi, na tungekuwa hatuna la kusimulia.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Orkestra ya Philadelphia na Yannick Nézet-Séguin waliirekodi simfonia ya kwanza pamoja na ya tatu, na mwaka 2022 rekodi hiyo ikatwaa Grammy ya orkestra. Kutoka 1933 hadi 2022 ni miaka 89. Je, simfonia hiyo ilizidi kuwa nzuri katika miaka hiyo yote? La hasha. Nota ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliamua kuirekodi kwa gharama zinazostahili, kwa orkestra yenye jina na kampuni yenye mikono mirefu.

Kisa cha Eastman chauma zaidi. Alikuwa mtunzi, mpiga piano na mwimbaji mwenye kipawa cha ajabu. Alifukuzwa katika nyumba aliyokuwa amepanga New York, na karatasi nyingi za muziki wake zikapotea. Alifariki Buffalo mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 49, peke yake na karibu kusahauliwa. Kazi hiyo ya sello kumi iliyotajwa katika orodha aliitunga mwaka 1981. Nota zake zilipotea. Ilinusurika kwa sababu moja tu: ilikuwa imerekodiwa. Miaka mingi baadaye mpiga sello mmoja aliketi akaisikiliza rekodi hiyo ya zamani, akaiandika upya nota kwa nota, na ndipo wengine wakapata cha kupiga. Perry naye, aliyesomea Ulaya kwa walimu wakubwa kama Nadia Boulanger na Luigi Dallapiccola, alipooza upande mmoja kwa kiharusi akajifunza kuandika muziki kwa mkono wa kushoto. Alifariki mwaka 1979. Ilimbidi asubiri miaka 45 kaburini ili koncheto yake ya fidla ifike mbele ya wapiga kura.

Hoja yangu basi ni hii. Uamuzi mkubwa katika tuzo za kurekodi haufanywi siku ya kura. Hufanywa miaka mingi kabla, chumbani mwa anayeamua kipi kirekodiwe na kipi kiachwe, kipi kihifadhiwe na kipi kitupwe. Mpiga kura huchagua miongoni mwa vilivyomfikia. Aliyekwisha kuachwa nje hawezi hata kushindwa, kwa maana kushindwa nako kunahitaji mtu awe ameshiriki.

Mtu atasema kuwa wakati ndio mwamuzi wa haki, na kwamba kazi bora haikosi kufufuka. Hiyo ni faraja ya bei rahisi. Tunawataja Price na Eastman kwa kuwa walipatikana. Wale ambao paa lao liliporomoka kabisa, au karatasi zao zilitiwa motoni, hatuwezi kuwataja. Wakati haukuwahukumu hao, umewameza. Mwingine atasema kuwa kuwateua watunzi waliosahauliwa ni huruma tu, na kwamba Bach hapaswi kushindanishwa na mtu kwa sababu ya historia ya machungu yake. Nami nasema: Ólafsson alishinda, si Perry. Hakuna aliyemnyang'anya Bach kitu. Waliodai na kupata ni haki ya kusikilizwa, na haki hiyo haipunguzi ya mwingine.

Huenda msomaji akauliza, je, haya ya Chicago na Buffalo yatuhusu nini sisi tunaosema Kiswahili? Yatuhusu, na si kwa kusingizia. Mwaka 2005 mtunzi Mmarekani, Christopher Tin, alitunga wimbo wa mchezo wa kompyuta. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na jina lake ni Baba Yetu. Ulipendwa na wachezaji wa mchezo huo kote duniani, lakini haukutuzwa Grammy. Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya katika albamu yake Calling All Dawns, ukiimbwa na kwaya ya Soweto Gospel Choir. Mwaka 2011 ukashinda Grammy ya mpangilio wa muziki wenye kusindikiza waimbaji, nayo albamu nzima ikashinda kitengo cha klasiki iliyochanganywa na mitindo mingine. Ulikuwa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kutwaa Grammy. Lugha yetu iliingia katika ukumbi huo kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia.

Tuufurahie ushindi huo, maana Kiswahili hakikupewa hisani. Kiliimbwa vizuri kikasikika vizuri. Lakini tusiache kujiuliza. Mtunzi alikuwa Mmarekani, kwaya ilitoka Afrika Kusini, na kampuni ya mchezo ilikuwa ya Marekani. Lugha ilikuwa ya pwani yetu. Ni nyimbo ngapi za kwaya zilizotungwa kwa lugha hiyo hiyo na walimu wa hapa kwetu, zikaimbwa na watoto wenye sare za shule mbele ya mwamuzi, zikashangiliwa ukumbi mzima, na baada ya wiki mbili hazikuwa na nota, hazikuwa na rekodi, wala jina la aliyezitunga halikukumbukwa na mtu ila wanakwaya wenyewe? Nyimbo hizo hazikushindwa na yeyote. Ziliachwa chini ya paa linalovuja.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa walimu na wanafunzi. La kwanza, orodha ya tuzo yoyote itokapo, iwe ya muziki, ya vitabu au ya filamu, isisomwe kama hukumu. Isomwe kama mwaliko. Mwalimu wa muziki aweza kuichukua orodha ya kitengo kimoja, akawasikilizisha wanafunzi rekodi mbili au tatu bila kuwaambia ni nani aliyeshinda, kisha akawataka watoe maamuzi yao pamoja na sababu. Mwanafunzi atakayeeleza kwa nini alimpenda Perry kuliko Bach, au Bach kuliko Perry, amejifunza kusikiliza. Atakayekariri jina la mshindi amejifunza kukariri.

La pili, kila tuzo iulizwe maswali manne. Waamuzi ni akina nani? Walisikia nini? Walitakiwa watoe sababu? Na ni nani ambaye hakupata njia ya kuwafikia? Swali hilo la nne ndilo tunalolisahau, nalo ndilo lililofichua hadithi ya Florence Price. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo kuhusu Grammy atauliza vivyo hivyo kuhusu ufadhili wa masomo, ajira na uchaguzi, na nchi itafaidika.

La tatu ndilo zito. Kila shule inayopeleka kwaya kwenye tamasha na ihifadhi vitu vitatu: nota za wimbo, rekodi yake, na jina la mtunzi pamoja na mwaka. Chombo cha kurekodia leo kimo mfukoni mwa walimu wengi, ndani ya simu. Rekodi hiyo haitakuwa ya ubora wa Philadelphia, lakini rekodi iliyomwokoa Eastman nayo haikuwa ya kujivunia. Ilitosha mtu mwenye masikio kuandika upya kilichopotea. Kabati moja lisilovuja, daftari moja lenye majina, na mwalimu mmoja mwenye bidii vinatosha kuanzia.

Mwaka ujao orodha nyingine itatangazwa, nasi wapenzi wa muziki huu tutabishana tena kama ilivyo desturi yetu. Tubishane kwa raha zetu. Lakini kabla ya kumlaumu mpiga kura wa Los Angeles kwa kumsahau fulani, na tutazame makabatini mwetu tujue ni nani tuliyemsahau sisi, naye tungali na nafasi ya kumrekodi akiwa hai.